Namba zinanichelewesha: nitumie safu ya juu ya kibodi au vitufe vya pembeni?

KaraniMgeni aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nina jambo ambalo limenisumbua kwa muda, na naamini humu hamkosi watu waliokwisha kulipitia. Herufi nazichapa bila kutazama kibodi, tena kwa mwendo ambao sioni aibu kuutaja, lakini kila ninapofika kwenye namba macho yanashuka mikononi, mikono inasita, na nikirudisha macho kwenye karatasi nakuta nimeupoteza mstari niliokuwa nikiusoma. Kazi niliyopewa miezi miwili iliyopita ni kuhamisha fomu za karatasi kwenda kwenye lahajedwali. Kila fomu ina safu nne za namba, nyingi zikiwa na tarakimu kati ya mbili na saba, na baadhi zina nukta ya desimali. Kwa siku napitia mamia ya mistari, kwa hiyo kuchelewa sekunde mbili tatu kwa kila namba si jambo dogo.

Kazini nina kibodi kamili yenye vitufe vya namba upande wa kulia. Nyumbani natumia kompyuta mpakato isiyo navyo, na kwa sababu hiyo nimezoea kutumia safu iliyo juu ya herufi popote nilipo. Je, niendelee na safu hiyo na kuifanyia mazoezi, au nihamie kwenye vitufe vya pembeni hata kama nitakuwa na mikono miwili tofauti, mmoja wa kazini na mwingine wa nyumbani? Na vidole vinapaswa kukaa wapi hasa?

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Fungu nililolimaliza juzi, jumla yake katika safu ya pili imezidi jumla iliyoandikwa kwenye karatasi kwa 270 kamili, na nimelipitia mara mbili kutoka juu hadi chini bila kuliona kosa. Kuna njia ya kulisaka kosa la namna hii, au sina budi kuanza upya?

VidoleKumi alijibu:

Ndugu, nianze na swali la safu ya juu au pembeni, maana mengine yanategemea hapo. Kwa kazi uliyoieleza, yaani namba tupu zinazofuatana mstari baada ya mstari, vitufe vya pembeni havina mshindani. Vimekusanywa katika mraba mdogo, na kila tarakimu kuanzia 1 hadi 9 iko hatua moja tu kutoka mahali vidole vinapotulia, ilhali safu ya juu imetandazwa kwa upana wa vitufe kumi na iko mistari miwili juu ya mahali mikono yako ilipozoea kukaa. Lakini faida ninayoithamini zaidi ni nyingine, nayo wengi huisahau: kazi yote inafanywa na mkono mmoja. Mkono wa kushoto unabaki huru kushika karatasi, kufuatisha mstari kwa kidole na kugeuza ukurasa, na hapo ndipo tatizo lako la kupoteza mstari linapoondoka lenyewe.

Vidole vya mkono wa kulia hutulia kwenye mstari wa kati: cha shahada juu ya 4, cha kati juu ya 5, cha pete juu ya 6. Papasa kitufe cha 5 utakuta kiuvimbe kidogo, sawa na vile vilivyo kwenye F na J. Kazi yake ni kukuonyesha njia ya kurudi nyumbani bila msaada wa macho. Kila kidole hupanda na kushuka katika njia yake tu, kwa hiyo cha shahada kina 7, 4 na 1, cha kati kina 8, 5 na 2, na cha pete kina 9, 6 na 3. Kidole gumba hubonyeza 0, nukta ni ya kidole cha pete, na kidole cha mwisho hushughulika na Enter, kujumlisha na kutoa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kubonyeza Enter kwa kidole cha kati, jambo linalouhamisha mkono mzima, na namba inayofuata inaanzia mahali pasipo pake.

Ukianza mazoezi, funika mkono kwa karatasi. Anza na 456 na 654 mpaka mkono utulie, kisha panda na kushuka katika kila njia: 471, 582, 693. Baada ya hapo acha mpangilio na uchukue namba zozote kutoka kwenye karatasi zilizokwisha fanyiwa kazi. Nenda kwa mwendo ambao hukosei, hata kama ni mwendo wa konokono, kwa sababu kidole hujifunza kosa kwa urahisi uleule kinaojifunzia usahihi. Siku za mwanzo utakuwa mzito kuliko ulivyo sasa, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye safu ya juu. Usirudi.

MpakatoTu alijibu:

Sina ugomvi na maelezo ya ndugu VidoleKumi, ila naona safu ya juu ameifanya mtoto wa kambo, na wengi wetu hatuna kibodi nyingine. Kwa namba zilizochanganyika na maneno, kama vile tarehe, anwani na namba za ankara zilizo katikati ya sentensi, safu hiyo ndiyo inayofaa, kwa sababu kuupeleka mkono pembeni na kuurudisha kwa ajili ya tarakimu mbili ni hasara tupu.

Mgawanyo wa vidole ulio wa kawaida ni huu: katika mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kina 1, cha pete 2, cha kati 3, na cha shahada kina 4 na 5, katika mkono wa kulia, cha shahada kina 6 na 7, cha kati 8, cha pete 9, na cha mwisho 0. Kitufe cha 6 ndicho chenye mzozo. Kwa kuwa mistari ya kibodi imepandana kimshazari, kitufe hicho kiko karibu zaidi na kidole cha shahada cha kushoto kuliko cha kulia, na baadhi ya kibodi zilizogawanywa vipande viwili hukiweka upande wa kushoto. Chagua mkono mmoja na ushikamane nao. Ubaya ni kukibonyeza leo kwa huu, kesho kwa ule.

Namba ikiwa fupi, acha mikono kwenye mstari wa kati na unyooshe kidole kimoja kimoja. Ikiwa ni mfululizo mrefu, inua mikono yote miwili hadi safu ya juu, wa kushoto ukae juu ya 1, 2, 3 na 4, wa kulia juu ya 7, 8, 9 na 0, kisha vidole vya shahada vichukue 5 na 6. Udhaifu wake ni kwamba safu hiyo haina kiuvimbe cha kukuongoza. Mimi nilibandika kijipande cha utepe juu ya 4 na 7, na ingawa wenzangu walinicheka, sijaviondoa hadi leo. Nakiri kwamba mwenye kibodi ya Kifaransa ya AZERTY hana bahati hii, kwani huko safu ya juu hutoa alama kwanza na tarakimu huhitaji kushikilia Shift.

Kwa upande wa nyumbani, zipo njia mbili. Baadhi ya kompyuta mpakato, hasa za zamani, zimeficha vitufe vya namba ndani ya herufi: ukiwasha Num Lock, yaani kitufe kinachowasha na kuzima vitufe vya namba, kwa kushikilia Fn, 7, 8 na 9 hubaki palepale, U, I na O huwa 4, 5 na 6, J, K na L huwa 1, 2 na 3, na M huwa 0. Nimeijaribu na siipendekezi, kwa sababu vitufe vimeinama na vidole havipandi wima kama katika vitufe halisi. Njia iliyo bora ni kununua kibodi ndogo ya namba peke yake inayochomekwa kwa USB, ili mkono wako uwe mmoja, kazini na nyumbani. Hata hivyo, ukiichomeka kwenye kompyuta yenye namba zilizofichwa ndani ya herufi, Num Lock ya kimoja inaweza kuwasha na ya kingine, nawe ukashangaa unaandika jina linalotoka likiwa na 1, 2 na 3 ndani yake.

Ukijikuta unabonyeza 8 na kielekezi kinaruka seli moja juu, ujue Num Lock imezimika. Kitufe hicho ni urithi wa zamani: kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja na kibodi ya vitufe 83 isiyo na mishale ya pekee, hivyo vitufe vilevile vya namba vilifanya kazi ya mishale, na Num Lock ndiyo iliyoamua ni zamu ya nani. Leo mishale ina mahali pake, lakini mtego umebaki. Kwenye kibodi kamili za Apple mahali pake pana kitufe cha Clear, na vitufe vya pembeni ni vya namba wakati wote.

Jambo moja zaidi litakutatiza, nalo ni simu. Kwenye simu 1, 2 na 3 ziko juu, kwenye kibodi ziko chini. Mpangilio wa kibodi umerithiwa kutoka mashine za kujumlishia, ambako David Sundstrand wa Marekani aliupanga mraba wa vitufe kumi katika miaka ya 1910. Ule wa simu ulitokana na majaribio ya maabara ya Bell yaliyochapishwa mwaka 1960, yaliyolinganisha mipangilio mbalimbali kwa watumiaji wa kawaida, na simu za vitufe zikaanza kutolewa kwa wateja mwaka 1963. Kwa hiyo unapokosea 7 kwa 1 au 9 kwa 3, usijilaumu: ni kidole gumba chako cha simu kinachoupa mkono mzima ushauri mbaya. Njia ninayoijua ni kutowazia picha ya vitufe kabisa, bali kuuacha mkono ukumbuke mwendo.

MzeeWaLeja alijibu:

Vijana wangu, mmezungumza vizuri kuhusu vidole, lakini naona swali la 270 limeachwa njiani, na kwa mtu anayeshughulika na namba hilo ndilo swali lenyewe. Nilikuwa karani wa leja kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kufika mezani kwangu, na sikuwahi kumwona mtu akisifiwa kwa kumaliza mapema fungu lisilolingana.

Mwanangu KaraniMgeni, kabla ya kuanza upya, igawe tofauti yako kwa 9. Gawanya 270 kwa 9 upate 30, bila kubaki kitu. Hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 daima. Sababu si uchawi: ukichukua tarakimu iliyostahili kuwa katika makumi ukaiweka katika mamoja, na ile ya mamoja ukaiweka katika makumi, moja imepoteza mara tisa ya thamani yake na nyingine imeongeza mara tisa ya thamani yake, hivyo kinachobaki ni mara tisa ya tofauti baina yao.

Sasa 30 hiyo inasema mengi zaidi. Tatu inakueleza kwamba tarakimu hizo mbili zimepishana kwa 3, na sufuri iliyoifuata inakueleza kwamba kosa liko kwenye mamia na makumi, si kwenye makumi na mamoja. Tena umesema jumla yako imezidi, maana yake tarakimu kubwa imetangulia mahali ambapo ilipaswa kufuata. Kwa hiyo usisome mistari yote. Tafuta kwenye lahajedwali namba ambazo tarakimu ya mamia inaizidi ya makumi kwa 3, yaani zenye 30, 41, 52, 63, 74, 85 au 96 katika nafasi hizo, na hizo pekee ndizo uzilinganishe na karatasi.

Upo uwezekano wa pili wenye dalili ileile: kuongeza sufuri. Aliyeandika 300 badala ya 30 ameongeza 270 vilevile. Na kama kosa lako lingekuwa kuiruka nukta ya desimali yenye tarakimu mbili mbele yake, tofauti ingegawanyika kwa 99: 45.60 ikiingizwa kama 4560 tofauti ni 4514.40, ambayo ni 45.60 mara 99. Tofauti isipogawanyika kwa 9, angalia kwanza kama umeruka mstari wenye kiasi hichohicho au umeuingiza mara mbili. Kisha igawe kwa 2, kwa sababu kiasi kilichopaswa kutolewa kikijumlishwa, jumla hupotoka kwa maradufu yake. Na tofauti iliyo na tarakimu moja tu, iwe peke yake au ikifuatwa na sufuri, kama 4 au 600, kwa kawaida ni kidole kilichoteleza kwenye kitufe jirani au jicho lililosoma vibaya. Kwenye mwandiko wa mkono, 1 na 7, 4 na 9, 0 na 6 zimewaliza makarani wengi.

Nikiwa hapo, tabia moja ya zamani ikusaidie kuelewa makosa unayoweza kuyakuta kwenye kazi za wengine. Mashine nyingi za kuchapa za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, wala nyingine cha 0. Mchapaji alitumia herufi l ndogo na O kubwa. Wenzetu waliohamia kwenye kompyuta wakiwa na mazoea hayo waliandika namba ambazo machoni zilikuwa safi kabisa, ila kompyuta ilizikataa kuzijumlisha kwa sababu kwake hazikuwa namba bali maneno.

Kuhusu kuzuia makosa, nina mambo machache. Usiingize fungu la mistari mia tatu kisha ndipo ujumlishe. Ligawe katika vifungu vya mistari thelathini au arobaini, kila kimoja kikiwa na jumla yake iliyokokotolewa kutoka kwenye karatasi kabla hujaanza, ili kosa likitokea ujue limejificha kwenye ukurasa gani. Namba za fomu zenyewe nazo zijumlishe, ingawa jumla yake haina maana yoyote. Ikilingana, unajua hukuruka fomu. Kisha soma namba kwa mafungu: 4718293 isiwe tarakimu saba, iwe 4, 718, 293, na vidole viichape kwa mapigo hayohayo matatu. Anayesoma tarakimu moja, akachapa moja, akarudi kusoma nyingine, ndiye anayechoka kabla ya saa sita.

Zamani za kadi za matundu, yaani kadi ambazo mashine ilisoma namba kutokana na matundu yaliyotobolewa ndani yake, namba muhimu zilichapwa mara mbili: karani wa kwanza alitoboa kadi, wa pili akachapa upya namba zilezile kwenye mashine ya uhakiki, na mashine ikasimama pale walipotofautiana. Njia hiyo bado haijapata mbadala kwa namba zisizo na jumla, lakini inaongeza kazi maradufu, kwa hiyo itumie pale tu kosa litakapoleta hasara kubwa. Namba nyingine zimebeba mlinzi wake ndani: za kadi za benki, kwa mfano, huishia na tarakimu ya ukaguzi inayokokotolewa kwa njia ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Njia hiyo hukamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila badiliko la nafasi la tarakimu mbili jirani, isipokuwa 09 ikigeuzwa 90 au kinyume chake. Kiasi cha fedha au cha uzito hakina mlinzi wa namna hiyo. Mlinzi wake ni jumla, na wewe.

Kuhusu mwendo, matangazo ya kazi za kuingiza data hupenda kutaja mibonyezo 10,000 kwa saa. Piga hesabu utaona kwamba hiyo haifiki mitatu kwa sekunde. Kidole chochote kinaweza mibonyezo mitatu kwa sekunde. Kinachowashinda watu ni kuiendeleza kwa saa nzima bila kusimama kutafuta mstari, kutafuta kitufe au kutafuta kosa.

KaraniMgeni alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Nimelipata. Mistari iliyokuwa na dalili uliyoieleza ilikuwa kumi na mmoja kati ya mia mbili na kitu, na wa saba nilioulinganisha ndio uliokuwa na kosa: karatasi inasema 5,472, mimi niliandika 5,742. Niliupita mstari huo mara mbili kwa macho yangu mwenyewe, na mara zote mbili nilisoma nilichotarajia kukisoma.

Nimehamia kwenye vitufe vya pembeni kama ndugu VidoleKumi alivyoshauri, na karatasi nimeihamishia kushoto. Sasa naomba kuuliza la ziada kwa wanaotumia Excel. Fomu zangu zina safu nne kwa kila mstari, na kila nikimaliza safu ya nne nashika kipanya ili nirudi mwanzo wa mstari unaofuata. Tena baadhi ya namba za fomu huanza na sufuri, na sufuri hizo zinapotea.

SeliTupu alijibu:

Kipanya hukihitaji. Andika namba ya kwanza kisha bonyeza Tab, ya pili Tab, ya tatu Tab, na baada ya namba ya nne bonyeza Enter. Kielekezi kitashuka mstari mmoja na kurudi kwenye safu uliyoanzia. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa mwenye vitufe vya pembeni, ni kuchagua kwanza eneo lote utakalolijaza na kuingiza namba kwa Enter peke yake. Kielekezi kitashuka hadi chini ya safu, kisha kitapanda chenyewe hadi juu ya safu inayofuata bila kutoka nje ya eneo. Hii inakufaa ikiwa karatasi yako inasomeka wima, kwani kidole cha mwisho hakiondoki kwenye Enter na mkono wa kushoto haugusi Tab.

Kwa sufuri za mwanzo, ipe safu nzima mpangilio wa maandishi kabla ya kuanza kuingiza, si baada ya hapo, maana sufuri iliyokwisha kuliwa hairudi kwa kubadilisha mpangilio. Fanya hivyo pia kwa namba yoyote yenye zaidi ya tarakimu 15, kama zile za kadi: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazofuata huzigeuza sufuri bila kukuambia. Namba ya utambulisho si kiasi. Hakuna siku utakayoigawa kwa mbili, basi iandikwe kama maandishi.

Ule msako wa mzee unaweza kufanywa na kompyuta. Ikiwa namba zako ziko safu ya A kuanzia A2, weka pembeni =MOD(INT(A2/100),10)-MOD(INT(A2/10),10) na uiburute hadi chini, kisha uchuje mistari iliyotoa 3. Itakukamatia 5742, na ile 300 iliyopaswa kuwa 30 nayo itaikamata. Kama kompyuta yako imewekwa katika mfumo unaotumia koma kwa desimali, huenda ukahitaji nukta-mkato badala ya koma ndani ya fomula.

Kama namba zako zote zina tarakimu mbili za desimali, upo pia mpangilio katika chaguo za juu za Excel unaoweka nukta wenyewe, ili ukiandika 4560 ipatikane 45.60, nawe umeokoa mbonyezo mmoja kwa kila namba.

MzeeWaLeja alijibu:

Marahaba mwanangu, nimefurahi umelipata. Ndugu SeliTupu, fomula yako ningeipata miaka thelathini iliyopita ningelala mapema siku nyingi. Ila huo mpangilio wa nukta nauogopa. Unabaki umewashwa mpaka mtu aukumbuke kuuzima, na ukifungua faili nyingine kesho ukaandika 300, inakuwa 3. KaraniMgeni amesema baadhi tu ya namba zake zina desimali, kwa hiyo kwake mbonyezo huo unaookolewa ni wa bei mbaya. Kidole cha pete na kiendelee kubonyeza nukta.

KaraniMgeni alijibu:

Nimekusikia mzee, nimeuacha kama ulivyokuwa. Njia ya kuchagua eneo lote imenifaa sana. Kinachonisumbua bado ni sufuri: kidole gumba kinagusa mshale wa kulia ulio jirani, na kielekezi kinaruka seli kabla sijamaliza namba, ikabaki 45 mahali palipostahili 450.

VidoleKumi alijibu:

Hapo kiganja chako kimeegemea meza na kimeteleza kushoto. Inua kifundo kidogo ili mkono uelee, usogeze kiti kulia mpaka kiwiko kielekeane na kitufe cha 5, na kidole gumba kilenge nusu ya kulia ya kitufe cha 0, ile iliyo chini ya 2. Kitufe hicho kimepewa upana wa viwili, na nusu hiyo iko mbali na mshale.